Mauaji na Watu Waliopotea Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa msomaji anayefuatilia kesi za Marekani na anataka kujua kipi kimethibitishwa, kipi ni tuhuma, na mambo yanakwendaje nyuma ya pazia. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Misingi

1. Je, ni lazima saa 24 zipite kabla ya kuripoti mtu aliyepotea?

Hapana. Hakuna sheria ya taifa inayodai hivyo, na kwa watoto sheria inakataza. Tangu 1990 polisi hawaruhusiwi kuweka muda wa kusubiri wanapopokea taarifa ya mtoto aliyepotea. Mwaka 2003 kinga hiyo ilipanuliwa ikamhusu kila aliye chini ya miaka 21. Sheria ya 2006 ikaongeza kwamba taarifa iingizwe ndani ya saa 2 kwenye NCIC, hifadhidata ya polisi inayoendeshwa na FBI.

Haraka hiyo ina sababu nzito. Utafiti wa jimbo la Washington juu ya watoto waliotekwa na kuuawa ulionyesha kwamba takriban robo tatu yao waliuawa ndani ya saa 3 tangu kutekwa. Kwa mtu mzima polisi hupima kiwango cha hatari: ugonjwa, dawa alizoziacha nyumbani, vitisho alivyopata, gari lililotelekezwa. Yaseme hayo tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama askari watatoka kituoni au wataandika tu namba ya jalada.

2. Wanapotea watu wangapi kwa mwaka?

NCIC hupokea zaidi ya taarifa 500,000 kila mwaka. Namba hiyo inatisha, ila isomwe kwa makini. Sehemu kubwa ni vijana waliotoroka nyumbani, wengi hupatikana baada ya muda mfupi, na kijana akitoroka mara 4 zinaandikwa taarifa 4. Mwisho wa mwaka taarifa zinazobaki wazi huwa chini ya 100,000, zikiwemo za miongo iliyopita. Mtoto kutekwa na mtu asiyemfahamu, kupelekwa mbali, kuuawa au kushikiliwa kwa fidia ni nadra: utafiti wa taifa ulikadiria matukio 115 ya aina hiyo kwa mwaka 1999.

Kuna hesabu nyingine isiyotajwa sana. Kila mwaka hupatikana takriban miili 4,400 isiyo na majina, na baada ya mwaka mzima karibu 1,000 kati yake bado haijatambuliwa. Majibu ya familia nyingi yamelala humo: mwili uko chumba cha maiti cha kaunti moja, taarifa ya kupotea iko kituo cha polisi cha jimbo jingine, na hakuna aliyeviweka pamoja. NamUs, mfumo wa Wizara ya Sheria ulioanza 2007, uliundwa kwa ajili ya pengo hilo. Tofauti na NCIC, raia yeyote anaweza kuutafuta.

3. Kwa nini FBI hawaichukui kila kesi?

Kwa sababu mauaji, kwa kawaida, ni kosa la jimbo. Marekani ina takriban vyombo 18,000 vya polisi, kuanzia idara kubwa kama ya New York hadi kituo cha mji mdogo chenye askari wachache. Nje ya miji, mkuu wa ulinzi wa kaunti ni sherifu, ambaye huchaguliwa kwa kura. FBI huingia kunapokuwa na utekaji unaoweza kuvuka mpaka wa jimbo, tukio likitokea kwenye ardhi ya serikali ya shirikisho, au wakiombwa msaada.

Hata anayechunguza maiti hutofautiana. Kaunti nyingine zina daktari bingwa aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Nyingine zina mchunguzi wa vifo aliyechaguliwa na wananchi, ambaye si lazima awe daktari. Kesi iliyoharibika mapema mara nyingi iliharibikia hapa, katika siku ya kwanza, mikononi mwa watu ambao hawajawahi kukutana na mauaji ya namna ile.

4. Mshukiwa, mshtakiwa na aliyetiwa hatiani: tofauti ni nini?

Polisi wanaposema mtu fulani "anafuatiliwa", wanamaanisha wanataka kuzungumza naye, basi. Neno hilo halina uzito wa kisheria. Mshukiwa ni yule ambaye ushahidi unamwelekea. Mshtakiwa ameshafunguliwa mashtaka, mara nyingi kwa uamuzi wa baraza la raia linalokaa kwa siri na kusikiliza upande wa mashtaka peke yake. Aliyetiwa hatiani amekiri mahakamani, au amehukumiwa na wazee wa baraza (raia walioteuliwa kuamua kesi) ama na jaji.

Hadhi hizi hubadilika, hata baada ya hukumu (tazama swali la 7). Kabla ya kuandika jina la mtu, angalia yuko ngazi gani leo.

5. Jalada la mauaji hufungwa lini?

Mauaji hayana ukomo wa muda wa kushtaki, hivyo jalada lisilo na jibu hubaki wazi hata kama hakuna anayelifanyia kazi. Polisi huhesabu kesi kuwa "imetatuliwa" mtu akikamatwa na kushtakiwa, au mhusika akijulikana lakini haiwezekani kumkamata, kwa mfano amekufa. Kwa hiyo kutatuliwa si sawa na kuhukumiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zaidi ya asilimia 90 ya mauaji yalihesabiwa kutatuliwa. Miaka ya karibuni ni kati ya nusu na sita kwa kumi.

Tangu Agosti 2022 ndugu wa aliyeuawa wanaweza kudai kwa sheria jalada lipitiwe upya baada ya miaka 3. Sheria hiyo inagusa kesi za shirikisho tu, na hizo ni chache.

## Watoto na sheria zenye majina yao

6. AMBER Alert ni nini, na mbona haitolewi kwa kila mtoto?

Ni tangazo la dharura linaloingia kwenye simu, redio, runinga na mabango ya barabarani. Jina linatokana na Amber Hagerman, msichana wa miaka 9 aliyetekwa Arlington, Texas, tarehe 13 Januari 1996 akiendesha baiskeli. Mwili wake ulipatikana siku 4 baadaye. Aliyemuua hajakamatwa hadi leo.

Vigezo vinavyopendekezwa ni hivi: polisi waamini kwamba mtoto ametekwa, awe na miaka 17 au chini, awe katika hatari ya kuumizwa vibaya au kuuawa, kuwe na maelezo ya kutosha kumtambua mtoto, mtekaji au gari, na taarifa iwe imeingizwa NCIC. Aliyetoroka mwenyewe hahesabiwi. Kinachokwamisha zaidi ni maelezo: bila aina ya gari wala sura ya mtekaji, mwenye simu hana cha kutafuta, na matangazo matupu yakizidi watu huyazima.

7. Etan Patz, Adam Walsh, Jacob Wetterling: kesi zao ziliishaje?

Etan, miaka 6, alipotea tarehe 25 Mei 1979 huko SoHo, New York, asubuhi aliyoruhusiwa kwa mara ya kwanza kwenda peke yake kituo cha basi la shule. Tarehe hiyo sasa ni siku ya taifa ya watoto waliopotea. Pedro Hernandez, aliyekuwa mfanyakazi wa duka la jirani, alikamatwa 2012 baada ya kukiri. Kesi ya kwanza ilikwama 2015 kwa kura ya mtu mmoja. Ya pili ilimtia hatiani 2017. Julai 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliitengua hukumu hiyo na kuagiza ashtakiwe upya au aachiliwe, kwa sababu ya jibu ambalo jaji aliwapa wazee wa baraza walipouliza juu ya maungamo yake. Mwili wa Etan haujapatikana.

Adam, naye miaka 6, alitekwa dukani Hollywood, Florida, tarehe 27 Julai 1981 na akauawa. Baba yake, John Walsh, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha taifa cha watoto waliopotea, NCMEC, mwaka 1984. Polisi walifunga jalada 2008 wakimtaja Ottis Toole, aliyefia gerezani 1996. Hakuwahi kushtakiwa kwa mauaji hayo, kwa hiyo hiyo ni kauli ya polisi na si hukumu.

Jacob, miaka 11, alitekwa na mtu mwenye bunduki St. Joseph, Minnesota, tarehe 22 Oktoba 1989. Sheria ya 1994 iliyobeba jina lake ndiyo iliyoyataka majimbo yaweke orodha ya wahalifu wa ngono dhidi ya watoto. Mwaka 2016 Danny Heinrich aliwaonyesha wapelelezi mabaki ya mwili na kukiri. Polisi walikuwa wamemhoji mapema, miaka ile ile ya mwanzo.

## Vinasaba na ushahidi

8. Yule wa "Golden State Killer" alinaswaje baada ya miaka zaidi ya 30?

Kwa nasaba. Kati ya 1974 na 1986 mtu mmoja aliua watu 13 na kubaka makumi ya wanawake California. Vinasaba vyake vilikuwepo, lakini CODIS, hifadhidata ya vinasaba ya polisi, hulinganisha sehemu 20 tu za DNA na hutoa jibu iwapo mhusika mwenyewe amewahi kuchukuliwa sampuli. Yeye hakuwahi.

Wapelelezi wakatafuta njia nyingine:

- Sampuli iliyotunzwa Ventura tangu mauaji ya 1980 ilisomwa upya katika mamia ya maelfu ya sehemu badala ya chache.
- Matokeo yalipandishwa GEDmatch, tovuti ambayo watu huweka vinasaba vyao kutafuta ndugu. Walijitokeza ndugu wa mbali mno, wanaoshiriki naye mababu wa karne ya 19.
- Wataalamu wa nasaba walishuka kutoka kwa mababu hao kizazi kwa kizazi, wakitumia vyeti vya kuzaliwa, sensa na matangazo ya misiba, kisha wakachuja kwa umri, jinsia na mahali pa kuishi.
- Alipobaki Joseph James DeAngelo, aliyewahi kuwa polisi, walimfuatilia kwa siri, wakachukua vinasaba kwenye kitasa cha mlango wa gari lake na kwenye karatasi ya kujifutia aliyoitupa.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ushahidi. Nasaba humpa mpelelezi jina la kuanzia. Kinachosimama mahakamani ni ulinganisho wa moja kwa moja. DeAngelo alikamatwa tarehe 24 Aprili 2018, akakiri Juni 2020 na kufungwa maisha.

9. Basi kwa nini hawaitumii njia hiyo kwa kila kesi?

Kwanza, sampuli. Iliyokaa stoo yenye joto huoza, iliyoshikwa na mikono mingi huchanganyika, na nyingine ziliisha kwenye vipimo vya zamani. Katika kesi ya Zodiac, muuaji wa California asiyejulikana aliyetuma barua kwa magazeti, kuna mabaki ya mate kwenye stempu, lakini yametoa picha pungufu, na hakuna uhakika kwamba aliyelamba stempu ndiye muuaji.

Pili, hifadhidata. Tangu Mei 2019 GEDmatch huwaonyesha polisi wale tu walioridhia, katika utafutaji wa wahalifu. Kampuni kubwa za Ancestry na 23andMe hazifunguliwi bila amri ya kisheria.

Tatu, waliomo humo kwa wingi ni Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Mwili wa mtu aliyehamia kutoka Congo, Somalia au Kenya utapata ndugu wachache mno, au hata mmoja asiwepo. Kwa familia za Afrika Mashariki, sampuli ya mzazi au mtoto wa aliyepotea ina thamani kuliko mti wowote wa nasaba (tazama swali la 16).

10. Mtu akikiri au akifeli kipimo cha uongo, si imetosha?

Haijatosha. Gary Ridgway, aliyekiri kuua wanawake 48 jimbo la Washington, alifaulu kipimo cha uongo mwaka 1984 na hakukamatwa hadi 2001, vinasaba vilipomuumbua. Mahakama nyingi hukikataa kipimo hicho.

Maungamo nayo yana historia chungu. Henry Lee Lucas alidai mamia ya mauaji, na polisi wa majimbo mengi wakafunga majalada kwa maneno yake. Baadaye ikaonekana kwamba mengi asingeweza kuyatenda. Kila jalada lililofungwa hivyo lilimwacha muuaji halisi mitaani. Upande wa pili yuko Samuel Little, aliyekiri mauaji 93: FBI walithibitisha zaidi ya nusu kwa kulinganisha maelezo yake na majalada. Kipimo ni kimoja: je, anayekiri amesema jambo ambalo muuaji pekee angelijua, na ambalo wapelelezi hawakumlisha?

Wataalamu pia hukosea. Mwaka 2015 FBI walikubali kwamba ushahidi wao wa kulinganisha nywele kwa hadubini ulikuwa na makosa katika zaidi ya asilimia 90 ya kesi zilizopitiwa.

11. Mtu anaweza kutiwa hatiani bila maiti kupatikana?

Ndiyo. Kristin Smart alipotea tarehe 25 Mei 1996 akirudi bwenini, chuo cha Cal Poly, California. Paul Flores, mwanafunzi aliyemsindikiza usiku ule, alitiwa hatiani Oktoba 2022, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha, ilhali mwili haujaonekana. Mwendesha mashtaka lazima athibitishe mambo mawili: kwamba mtu amekufa, na kwamba ameuawa na mshtakiwa. La kwanza huthibitishwa kwa ukimya wa maisha yote: akaunti ya benki isiyoguswa, simu isiyopigwa, dawa zisizochukuliwa, mama asiyepata salamu.

## Kesi zinazoulizwa zaidi

12. D. B. Cooper alipona?

Tarehe 24 Novemba 1971 abiria aliyejiandikisha kama Dan Cooper aliteka ndege ya Northwest Orient iliyotoka Portland kwenda Seattle. Alipewa dola 200,000 na miavuli 4 ya kurukia kutoka angani, akawaachia abiria, kisha akaruka usiku kupitia ngazi ya nyuma ya Boeing 727. Mwaka 1980 mtoto alifukua dola 5,800 za fedha hizo kwenye mchanga wa mto Columbia. Namba za noti zilikuwa zimeandikwa kabla ya kukabidhiwa. Nyingine hazijawahi kuonekana kwenye mzunguko, na hilo ndilo linalowafanya wengi waamini alikufa. FBI walisitisha upelelezi Julai 2016.

13. Jimmy Hoffa yuko wapi?

Hajapatikana. Kiongozi huyo wa zamani wa chama cha madereva wa malori alionekana mara ya mwisho tarehe 30 Julai 1975 nje ya mgahawa karibu na Detroit, na alitangazwa kisheria kuwa amekufa mwaka 1982. Mashamba na majengo kadhaa yamechimbwa bila mafanikio.

14. Kwa nini kesi ya JonBenét Ramsey haijapata jibu?

Kwa sababu ya asubuhi ya kwanza. Tarehe 26 Desemba 1996, Boulder, Colorado, familia iliripoti mtoto wa miaka 6 ametekwa na barua ya kurasa mbili na nusu inadai dola 118,000. Polisi waliichukulia kuwa ya utekaji tu. Nyumba haikufungwa, marafiki waliingia na kutoka, mwingine akisafisha jikoni. Saa chache baadaye baba aliukuta mwili chumba cha chini na kuubeba juu. Baada ya hapo kila alama ilikuwa na maelezo mawili.

Mwaka 1999 baraza la raia la mashtaka (tazama swali la 4) lilipendekeza wazazi washtakiwe, lakini mwendesha mashtaka akakataa kusaini kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2008 mrithi wake aliisafisha familia kwa barua, akitaja vinasaba vya mwanamume asiyejulikana. Hakuna aliyewahi kupandishwa kizimbani kwa kifo hicho, na anayetangaza kwamba anamjua muuaji hana msingi.

15. "Mtoto wa kwenye boksi" wa Philadelphia alitambuliwa?

Ndiyo, jina lake. Alikutwa Februari 1957 ndani ya boksi la kadibodi eneo la Fox Chase, na kwa miaka 65 kaburi lake halikuwa na jina. Mwili ulifukuliwa 1998 na tena 2019, na Desemba 2022 polisi walitangaza kwamba ni Joseph Augustus Zarelli, aliyezaliwa tarehe 13 Januari 1953. Nasaba ilianzia kwa ndugu wa upande wa mama. Aliyemuua bado hajajulikana, lakini sasa upelelezi una familia, anwani na umri sahihi, vitu ambavyo haukuwa navyo kamwe.

## Mambo ya pembeni

16. Ndugu yangu amepotea Marekani nami niko Dar es Salaam au Nairobi. Nianzie wapi?

Anza na polisi wa mahali alipoonekana mara ya mwisho, si ubalozini. Namba 911 ukiipiga ukiwa nje haikuunganishi na Marekani. Tafuta kwenye tovuti ya idara husika namba ya kawaida, nawe uitangulize na +1. Andaa:

- Jina kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na maandishi mengine ya jina hilo hilo (Mohamed, Mohammed, Muhammad).
- Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye hati zake za Marekani. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari. Ukitoa ile ya kweli pekee, mfumo hautampata.
- Namba ya simu na kampuni yake, namba ya gari, mahali pa kazi, makovu, chanjo zilizoacha alama, meno yaliyong'olewa.

Omba namba ya jalada na jina la mpelelezi, na uulize kama taarifa imeingizwa NCIC. Wakati huo huo ulizia hospitali, jela ya kaunti, ofisi ya mchunguzi wa vifo, na mfumo wa ICE wa kutafuta walioshikiliwa kwa uhamiaji. Ubalozi husaidia kufuatilia na kutuma hati, lakini hauwezi kupeleleza.

Mtu mzima akipatikana mzima, ana haki ya kukataa mahali alipo pajulikane. Polisi watakuambia tu kwamba yu hai. Inauma, ila usiichukue kuwa ni uzembe wao.

Wiki zikipita bila habari, fungua kumbukumbu NamUs (huhakikiwa na polisi kabla ya kuonekana) na mwombe mpelelezi kipimo cha vinasaba vya familia. Ni pamba inayopitishwa ndani ya shavu. Wanaofaa zaidi ni mama, baba na watoto. Sampuli hiyo hulinganishwa na miili isiyotambuliwa tu, haitumiki kumsaka mhalifu.

17. Aliyepotea huhesabiwa amekufa baada ya muda gani?

Inategemea jimbo. Kanuni ya zamani ni miaka 7. California ni 5, New York ni 3. Muda hufupishwa ikiwa kuna hatari iliyo wazi, kama ajali ya ndege. Tangazo hilo huruhusu mirathi na bima, wala halizuii mashtaka ya mauaji baadaye.

18. Aliyeachiwa huru anaweza kushtakiwa tena ushahidi mpya ukipatikana?

Si kwa kosa lile lile na serikali ile ile, hata akikiri hadharani. Hata hivyo jimbo na shirikisho huhesabiwa kuwa mamlaka mbili, na Mahakama Kuu ya Marekani ilisisitiza hilo mwaka 2019. Kesi iliyokwama kwa wazee wa baraza kutokubaliana haihesabiwi kuwa ni kuachiwa. Ndiyo maana Pedro Hernandez wa swali la 7 alishtakiwa mara ya pili.

19. Kwa nini wanawake wa makabila ya asili hupotea bila kesi zao kusikika?

Sababu kubwa ni mkanganyiko wa mamlaka. Kwenye ardhi ya kabila, nani apeleleze hutegemea kama mhanga ni mwana wa kabila, kama mshukiwa ni mwana wa kabila, kosa ni lipi, na jimbo ni lipi. Siku za mwanzo hupotea polisi wa kabila, sherifu na FBI wakitupiana jalada. Sheria mbili za Oktoba 2020, moja ikiwa na jina la Savanna LaFontaine-Greywind aliyeuawa Fargo 2017, zinadai miongozo ya pamoja na takwimu bora. Vyombo vya habari navyo vina lawama: majina yaliyotajwa juu kwenye swali la 12 hadi la 15 yanajulikana dunia nzima, na ya wanawake hawa hayajulikani hata kaunti ya pili.

20. Naweza kusoma majalada mwenyewe?

Mengi, ndiyo. FBI wameweka maelfu ya kurasa kwenye maktaba yao ya mtandaoni iitwayo The Vault, bure. Hati za mahakama za shirikisho ziko kwenye tovuti yao, PACER: senti 10 kwa ukurasa, zisizozidi dola 3 kwa hati, na ukitumia dola 30 au chini kwa robo mwaka hulipi. Hukumu za rufaa ni bure na ndizo bora za kuanzia, kwani jaji hueleza ushahidi wote kwa mpangilio. Jalada ambalo upelelezi wake unaendelea hutalipata.

21. Nadhani nina taarifa. Niipeleke wapi?

Kwa idara yenye jalada, au tips.fbi.gov, au kwa watoto NCMEC 1-800-843-5678. Andika tarehe, mahali, ulichokiona kwa macho yako, na ukitenge na ulichosikia. Tuma picha ya asili; iliyopita WhatsApp imepoteza taarifa za siku na mahali ilipopigwa.

Jina la mtu usilitangaze mitandaoni. Wanafunzi 4 walipouawa Moscow, Idaho, tarehe 13 Novemba 2022, watu wasiohusika walishutumiwa mbele ya mamilioni kwa wiki kadhaa. Aliyeua, Bryan Kohberger, alipatikana kwa vinasaba kwenye ala ya kisu, picha za gari jeupe na kumbukumbu za simu, akakiri Julai 2025. Hakuna hata mmoja wa walioshutumiwa mitandaoni aliyekuwa na uhusiano na mauaji hayo.